Wimbo Usiopoteza Jina la Mwenyewe

Leo nataka kukusimulia habari za wimbo mmoja wa Marekani, wimbo wa watu weusi wa nchi ile, uliotungwa mwaka 1914 na ambao mpaka leo bado waimbwa. Jina lake ni "St. Louis Blues". Huenda hujapata kulisikia jina hilo, wala si neno. Nitakueleza ni wimbo wa namna gani, nani aliutunga, na nani waliutia katika sahani za santuri. Tena nitakueleza kwa nini mimi, karani wa parokia, ambaye kazi yangu ni kuandika majina ya watu katika madaftari, naona kwamba habari zake zatuhusu hata sisi wa vijijini.

Niliufahamu wimbo huu nilipokuwa chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu wa muziki alikuwa akitufundisha kusoma nota, nasi tulichoka upesi, maana wengi wetu tulizoea kuimba kwa kusikia tu. Siku moja akatusikilizisha sauti ya mama mmoja aliyeimba zamani sana, kisha akatuuliza: "Mngeusikia wapi wimbo huu kama mwenyewe asingejua kuandika?" Hatukuwa na jibu. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta habari zake kidogo kidogo, na hizi ndizo nilizozipata.

MTOTO WA MCHUNGAJI

Mtungaji aliitwa William Christopher Handy. Alizaliwa tarehe 16 Novemba 1873 katika mji wa Florence, jimbo la Alabama, upande wa kusini wa Marekani. Utumwa ulikuwa umekomeshwa nchini humo mwaka 1865, yaani miaka minane tu kabla ya kuzaliwa kwake, na wazazi wake walikuwa wameonja utumwa huo. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kimethodisti, na babu yake vile vile. Nyumba aliyozaliwa ilikuwa ya magogo, nayo ilijengwa kwa mikono ya huyo babu.

Kijana huyo alipenda muziki mno. Akachuma matunda ya porini, akapika sabuni, akaweka akiba senti kwa senti mpaka akanunua gitaa. Alipolileta nyumbani, baba yake alikasirika. Machoni pake gitaa lilikuwa chombo cha dhambi, halikufaa kuingia katika nyumba ya Mkristo. Akamwamuru mwanawe alirudishe dukani, na badala yake apewe kamusi.

Najua akina baba wengine watasema kwamba mzee alifanya vema, na vijana watasema kwamba alimwonea. Mimi simo katika ugomvi huo. Nasema jambo moja tu: baba yule yule alimtafutia mwanawe mafunzo ya kinanda ili ajue nyimbo za kanisani, wala kamusi ile haikupotea bure. Kijana akakua akijua kusoma maneno na kusoma nota. Baadaye alijinunulia tarumbeta kwa siri, lakini alipoanza kuipiga alikuwa amekwisha pata jambo ambalo wapigaji wengi hawakuwa nalo. Aliweza kuliandika karatasini kila alilolisikia.

Mwaka 1892 alifanya mtihani wa ualimu mjini Birmingham, akaufaulu. Lakini alipoona mshahara wa mwalimu ni mdogo, akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha mabomba huko Bessemer. Walimu wenzangu, mwaona kwamba jambo hili si la leo! Halafu akaondoka na wenzake waimbaji kwenda kutafuta riziki kaskazini, na safari ikaharibika. Akajikuta katika mji wa St. Louis, kando ya mto Mississippi, hana kazi wala fedha. Usiku akalala juu ya mawe ya gati la mtoni. Katika siku zile za njaa alimwona mwanamke mmoja akipita barabarani akiyumba, akimlilia mumewe aliyemwacha. Handy hakumsahau mwanamke yule.

MTU WA STESHENI YA TUTWILER

Baadaye mambo yake yakawa mazuri. Akawa kiongozi wa bendi, akasafiri nayo sana, na kwa muda alifundisha muziki katika chuo cha watu weusi huko Alabama. Karibu na mwaka 1903 alikuwa akiongoza bendi katika mji wa Clarksdale, jimbo la Mississippi. Usiku mmoja alikuwa akingoja treni katika stesheni ndogo ya Tutwiler, na treni ikachelewa. Karibu naye akaketi mtu mmoja mwenye nguo zilizochakaa, akaanza kupiga gitaa huku akikandamiza nyuzi kwa kisu. Aliimba mstari mmoja, akaurudia tena na tena, na gitaa likamjibu. Handy aliyesomea nota alishangaa. Alikuwa hajapata kusikia muziki kama ule.

Huo ndio muziki ulioitwa bluzi. Bluzi ni wimbo wa mtu anayesema taabu yake. Kwa kawaida ubeti wake una mistari mitatu. Mwimbaji husema neno lake, hulirudia mara ya pili kama mtu ambaye hajaamini kwamba amesikiwa, kisha katika mstari wa tatu hulijibu mwenyewe. Wewe uliyepata kumsikia mama aliyefiwa akirudia maneno yale yale kwa sauti ya kuimba, utaelewa upesi kuliko mtu aliyesoma vitabuni.

Sasa angalia. Nyimbo za namna ile ziliimbwa na watu weusi wa kusini mashambani, katika kazi za reli na vibarazani, kabla Handy hajaandika hata moja. Hakuzibuni yeye, wala hakuficha kwamba alizichuma kwa watu wake. Lakini yule mtu wa Tutwiler ambaye Handy alimsimulia katika kitabu chake cha mwaka 1941 hana jina. Handy hakuliandika. Kadhalika yule mwanamke wa St. Louis. Wametuachia sauti tu, na hakuna mjukuu wao awezaye kusema, "Huyu alikuwa babu yetu."

DOLA HAMSINI

Mwaka 1909 Handy alikuwa akiishi Memphis, katika jimbo la Tennessee. Ulikuwa wakati wa uchaguzi wa meya, naye akatunga wimbo wa kumpigia kampeni mgombea mmoja, Bwana Crump. Wimbo ukapendwa na watu. Mwaka 1912 akauchapisha kwa nota, ukaitwa "The Memphis Blues". Lakini kuuza karatasi za nota hakukuwa kazi rahisi kwa mtu asiye na duka, na akaambiwa kwamba hazinunuliki. Basi akaziuza haki zake zote kwa dola 50.

Baada ya hapo wimbo ukaenea, bendi zikaupiga, karatasi zake zikauzwa kwa wingi. Fedha zote zikaingia katika mifuko ya wengine. Mwenye wimbo alikuwa amekwisha tia sahihi. Kwa sheria ya Marekani ya siku zile, haki iliyouzwa hivyo ilimrudia mtungaji baada ya miaka 28 tu. Kwa hiyo Handy aliupata tena wimbo wake mwaka 1940, naye alikuwa na miaka 66. Fikiri, msomaji, mtu amepanda mwembe, na miaka 28 anawatazama wengine wakichuma maembe.

Lakini Handy hakukaa kulia. Alishirikiana na Harry Pace, kijana aliyejua mahesabu na kazi za benki, wakaanzisha kampuni yao ya kuchapisha nyimbo. Watu weusi wawili kuwa na kampuni yao wenyewe katika miji ya kusini wakati ule halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1914 Handy alitaka kutunga wimbo mwingine. Nyumbani watoto walikuwa na kelele, basi akakodi chumba katika mtaa wa Beale, akakesha akiandika. Ndipo alipomkumbuka yule mwanamke wa St. Louis. Akautunga wimbo wa mwanamke anayelia kwa kuwa mumewe amenyang'anywa na mwanamke mwingine wa mjini. Ndani yake alitia bluzi ya watu wake, na katikati akatia mwendo wa tango, ngoma iliyopendwa sana wakati ule. Ndiyo maana wimbo huu, hata ukiwa wa huzuni, wafanya miguu isitulie. Safari hii hakumwuzia mtu. Kampuni ya Pace na Handy iliuchapisha yenyewe, na jina la mtungaji likakaa juu ya karatasi.

SAHANI ZA SANTURI

Mwaka 1915 bendi ya Prince, iliyokuwa ikifanya kazi kwa kampuni ya Columbia, iliupiga wimbo huu katika santuri bila maneno. Hiyo ndiyo sahani ya kwanza. Mwaka 1920 uliimbwa na Marion Harris, mwimbaji mzungu, na mwaka 1921 ukapigwa na bendi ya wazungu iliyoitwa Original Dixieland Jazz Band. Kwa kila sahani wimbo ulizidi kujulikana, na kwa kuwa haki ilikuwa mikononi mwa mwenyewe, jina lake lilikwenda pamoja nao.

Lakini sahani ambayo wajuzi wengi huitaja kwanza ni ile ya tarehe 14 Januari 1925, iliyopigwa mjini New York. Ndiyo niliyoisikia chuoni. Mwimbaji ni Bessie Smith, mwanamke aliyezaliwa katika umaskini huko Chattanooga, akafiwa na wazazi akingali mtoto, akawa akiimba barabarani ili apate chochote. Anayempigia tarumbeta ndogo ni Louis Armstrong, kijana wa miaka 23, ambaye baadaye alikuwa mpigaji mashuhuri kupita wote. Wa tatu ni Fred Longshaw, naye anapiga kinanda cha kukanyaga kwa miguu, kile cha mvukuto. Wewe uliyekulia karibu na misheni wakijua kinanda hicho. Ukiisikiliza sahani ile utadhani umeketi kanisani jioni, na mtu mmoja amebaki nyuma anamweleza Mungu taabu ya nyumba yake.

Siku ile hapakuwa na kipaza sauti cha umeme. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa, mfano wa baragumu. Sauti yake ikaingia ndani ya pembe, ikatikisa sindano, na sindano ikachora nta iliyokuwa ikizunguka. Upande mmoja wa sahani uliweza kubeba kama dakika tatu tu. Kwa hiyo ilimpasa kila mmoja kujua mahali pake. Bessie anaimba polepole sana, kila neno analipa haki yake. Akimaliza mstari, tarumbeta ya Louis yamwitikia, kama waumini wanavyomwitikia kiongozi wa sala. Dakika tatu hizo zimeishi miaka mia na zaidi.

Mwaka 1929 ikatengenezwa filamu fupi yenye jina la wimbo huo, na Bessie Smith akaigiza. Hiyo ndiyo filamu pekee inayomwonyesha akiimba.

KABURI LISILO NA JINA

Hapa, ndugu msomaji, nataka usimame kidogo. Bessie Smith aliuza sahani nyingi sana. Lakini mkataba wake na kampuni ulikuwa wa kulipwa kiasi fulani kwa kila wimbo uliofaa, basi. Hakupata sehemu yake kwa kila sahani iliyouzwa. Hata zikiuzwa elfu au laki, malipo yake ni yale yale. Tarehe 26 Septemba 1937 alikufa kwa ajali ya motokaa karibu na Clarksdale, mji ule ule ambao Handy alikuwa akiongoza bendi. Maelfu ya watu walikuja kumzika karibu na Philadelphia. Lakini kaburi lake halikuwekwa jiwe. Kwa miaka 33 mwimbaji yule, aliyeitwa malkia wa bluzi, alilala chini ya majani matupu. Jiwe lilikuja kuwekwa mwaka 1970. Waliolilipia walikuwa mwimbaji Janis Joplin na Juanita Green, mama aliyepata kufanya kazi za nyumbani kwa Bessie alipokuwa msichana mdogo.

Naye Handy? Alipata shida zake. Mshirika wake Pace alimwacha mwaka 1921, madeni yakamzidi, na macho yakaanza kumwendea vibaya. Mwaka 1943 alianguka kutoka ukingo wa stesheni ya reli ya chini ya ardhi mjini New York, akawa kipofu kabisa. Lakini wimbo ule mmoja aliokataa kuuza uliendelea kumlisha yeye na watoto wake. Mwaka 1956 Louis Armstrong, aliyekuwa sasa mtu mzima, aliupiga tena wimbo ule pamoja na okestra kubwa iliyoongozwa na Leonard Bernstein, mbele ya watu maelfu huko New York. Handy alikuwapo, kipofu, ana miaka 82, akajifuta machozi kwa leso. Alikufa tarehe 28 Machi 1958, na mitaa ya Harlem ilijaa watu waliokuja kumwaga.

Watu hawa wawili walikuwa na vipaji vya Mungu, wala siwezi kusema nani alimpita mwenzake. Wote wawili wimbo huu ni wao, mmoja kwa kalamu na mwingine kwa sauti. Tofauti yao ilikuwa katika karatasi.

NA SISI JE?

Katika kigango kimoja cha parokia yetu alikuwapo mzee, mwalimu wa kwaya, ambaye sasa ni marehemu. Sitamtaja jina, maana jamaa zake hawakunituma. Alitunga nyimbo nyingi katika daftari la shule. Alipokufa, daftari lile lilichezewa na watoto, kurasa zikachanwa. Wimbo wake mmoja sasa waimbwa mbali sana na kwetu, nao watu hudhani kwamba umeletwa kutoka mjini. Binti yake alikuja ofisini kwangu akauliza kama kuna andiko lolote linaloonyesha kwamba ni wa baba yake. Nikafungua madaftari yote. Nikamwonyesha siku baba yake alipobatizwa, na siku alipofunga ndoa, na siku alipozikwa. Lakini wimbo haukuandikwa popote. Alinishukuru, akaenda zake.

Tangu siku ile tumeweka daftari moja dogo ofisini, kwa ruhusa ya Paroko. Mtu akitunga wimbo huja nao, hata kama hajui nota. Twaandika jina la wimbo, jina la mtungaji, tarehe, na majina ya mashahidi wawili waliousikia kwanza. Na mwenye simu huimba, tukautunza. Ni kazi ya robo saa.

Jambo la pili ni la sahihi. Mwaka juzi kwaya yetu ilitaka kurekodi nyimbo zake. Mwenye studio akaleta karatasi, na mwenyekiti akataka kutia sahihi upesi kwa kuwa gari lilikuwa likingoja. Nikamsihi, "Mzee wangu, tuisome kwanza." Tukaisoma mpaka mwisho. Ilisema kwamba nyimbo zote zitakuwa mali ya studio daima. Tukauliza kwa upole kama ndivyo ilivyokusudiwa. Yule bwana akakwaruza kichwa, kisha neno likafutwa, likaandikwa jingine. Gari lilingoja nusu saa, wala halikutuacha. Yafaa kujua kwamba katika Tanzania iko sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, inayomtambua mtungaji kuwa mwenye kazi yake, awe wa mjini au wa kijijini.

Sisemi kwamba watu wasiimbe nyimbo za wenzao. Hapana! Wimbo ukifungiwa ndani hufa. Handy alifurahi kusikia wimbo wake ukipigwa na kila taifa, na siku hizi huko Marekani muda wake wa haki umekwisha, umekuwa mali ya watu wote. Nasema tu kwamba wimbo uende na jina la aliyeutunga. Kuimba wimbo wa jirani na kumtaja ni heshima, kama vile kusema asante kwa aliyekupikia.

Basi, akina baba na akina mama, ikiwa nyumbani mwenu mna mzee atungaye nyimbo, au bibi ajuaye nyimbo za kale za kubembeleza watoto, msingoje. Jumapili hii baada ya chakula, mtoto ajuaye kuandika aketi karibu naye na daftari. Amwulize maneno, amwulize aliupata kwa nani, aandike tarehe na jina. Daftari lenyewe liwekwe katika sanduku, mbali na watoto wadogo na mbali na mchwa.